Masomo ya bure ya kanzidata: Ada imeondoka, kazi imebaki

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi, mtu aliyetaka kujifunza programu za kanzidata, yaani zile zinazohifadhi kumbukumbu kwa utaratibu ndani ya kompyuta, alilazimika kujiunga na chuo na kulipa ada. Leo kijana wa Mbeya, Kisumu au Mbarara mwenye kifurushi cha intaneti anaweza kumsikiliza mhadhiri wa chuo kikuu cha Marekani akifundisha somo hilohilo kwa njia ya video, bila kutoa hata senti moja ya ada.

Mabadiliko hayo ni makubwa na hayapaswi kubezwa. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa tangu masomo ya namna hiyo yalipoanza kuenea zinaonyesha kwamba wengi wanaoyaanza hawayamalizi, na kwamba kutazama video peke yake humwachia mwanafunzi ujuzi mdogo kuliko anavyodhani. Swali linalojitokeza, kwa hiyo, ni hili: ada ikiisha kuondolewa, ni kitu gani kinachobaki kumzuia anayeanza?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki. Kumbukumbu za hospitali, shule, vyama vya akiba na mikopo na ofisi za serikali za mitaa zinazidi kuhama kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta, na watu wanaopewa kazi ya kuzitunza mara nyingi ni makarani na wahasibu waliojifunza wenyewe. Pale ambapo kanzidata imetengenezwa ovyo, mgonjwa hupotea katika orodha na mwanachama hudaiwa mkopo aliokwisha kuulipa. Anayeumia hapo ni mwananchi ambaye hajawahi hata kuiona video yenyewe.

Tatizo ambalo kanzidata hulitatua

Mfano mmoja unatosha kueleza jambo lenyewe. Karani wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 300 huanza, kwa kawaida, na jedwali moja refu katika programu ya mahesabu. Kila mwanachama anapoleta marejesho ya mwezi, karani huandika upya jina lake, kijiji chake, namba yake ya simu na kiasi alicholeta.

Baada ya mwaka mmoja, mwanachama huyo ana mistari 12. Katika mistari mitano ameandikwa Hamisi Juma, katika minne Hamis Juma, na katika mitatu iliyobaki H. Juma. Akibadilisha namba ya simu, marekebisho yanatakiwa kufanywa mara 12. Siku ya mkutano mkuu, kompyuta inapoulizwa jumla ya marejesho yake, huhesabu watu watatu tofauti, na kila mmoja wao anaonekana kuwa na deni.

Kanzidata huondoa kasoro hiyo kwa kuzigawa kumbukumbu. Jedwali la kwanza huwa la wanachama, na humo kila mtu huandikwa mara moja tu na kupewa namba isiyofanana na ya mwingine. Jedwali la pili huwa la marejesho, na badala ya jina huandikwa namba ya mwanachama, pamoja na tarehe na kiasi. Namba hiyo, ambayo wataalamu huiita ufunguo, ndiyo inayoyaunganisha majedwali hayo mawili. Jina likirekebishwa mahali pamoja, limerekebishwa kila mahali.

Wazo hilo lina zaidi ya nusu karne. Mwasisi wake ni Edgar Codd, mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, ambaye alilichapisha mwaka 1970. Mwaka 1974 wenzake wawili katika kampuni hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuiulizia kanzidata maswali ambayo leo inajulikana kama SQL. Mwaka 1979 kampuni ambayo baadaye ilikuja kuitwa Oracle ilianza kuuza programu inayotumia lugha hiyo, na mwaka 1986 SQL iliwekewa kiwango rasmi nchini Marekani. Codd mwenyewe alitunukiwa tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta, mwaka 1981.

Huduma nyingi zinazotumiwa kila siku zimejengwa juu ya misingi hiyo. Mtu anapotuma fedha kwa simu, kwa mfano, mfumo hauna budi kuhakikisha kwamba kiasi kinachopungua kwa mtumaji ndicho kinachoongezeka kwa mpokeaji, na kwamba jambo moja likishindikana yote mawili yanafutwa. Kulinda mapatano ya namna hiyo ni kazi ya kanzidata.

Somo la kwanza kwa umma

Ni jambo la kukumbukwa kwamba kanzidata ilikuwa miongoni mwa masomo ya kwanza kabisa kufunguliwa kwa umma wa dunia kwa njia ya video. Katika muhula wa mwisho wa mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kilitoa masomo matatu bila malipo kwa yeyote mwenye intaneti. Moja lilihusu akili bandia, la pili namna mashine zinavyojifunza, na la tatu, lililofundishwa na Profesa Jennifer Widom, lilikuwa utangulizi wa kanzidata.

Somo la akili bandia peke yake lilivuta watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata zilizuka taasisi za Coursera, Udacity na edX, na wapo waliotabiri kwamba vyuo vikuu vya kawaida vingefungwa milango. Tangu hapo idadi ya masomo imezidi kuongezeka. Shirika la freeCodeCamp lilitoa mwaka 2018 video ya SQL kwa wanaoanza yenye urefu wa zaidi ya saa nne, nacho Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2023 kilitoa somo zima la kanzidata na SQL ambalo mihadhara yake hutazamwa bure.

Matokeo, hata hivyo, hayakulingana na matumaini. Kati ya wale 160,000 wa mwaka 2011, waliofika mwisho walikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa masomo ya Harvard na taasisi ya MIT yaliyotolewa kupitia edX tangu mwaka 2012. Walibaini kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017/18 waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3 tu ya walioanza, na kwamba wanafunzi wengi walitoka katika nchi zilizoendelea. Miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikaribia nusu.

Tofauti hiyo kati ya asilimia 3 na karibu nusu inaweza kutafsiriwa vibaya. Fedha haimfundishi mtu. Aliyelipa aliingia akiwa na nia na sababu, na kitu cha kupoteza iwapo angeacha njiani. Aliyeingia bure hakuwa na lolote la kumfunga, na wengi walichungulia tu na kuondoka, jambo ambalo lenyewe si kosa.

Kutazama na kutenda

Sababu nyingine imo katika video yenyewe. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi wa edX walifungua video walibaini kwamba usikivu wa mwanafunzi huanza kushuka video inapozidi dakika sita hivi. Mwaka uliofuata, watafiti walioongozwa na Kenneth Koedinger wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walilichunguza somo la saikolojia lililotolewa kwa njia hiyohiyo. Walikadiria kwamba kufanya mazoezi kulichangia ujuzi wa mwanafunzi mara sita zaidi ya kutazama video au kusoma maandishi.

Ingawa utafiti huo ulihusu saikolojia, yeyote aliyejaribu kujifunza kanzidata atautambua ukweli wake. Mwalimu katika video huwa na data safi, na kila amri anayoiandika hukubaliwa mara moja, kwa kuwa alikwisha kuijaribu kabla ya kurekodi. Mtazamaji hufuata, huelewa, na hufika mwisho akiamini kwamba amejua. Akirudi ofisini na kufungua daftari lenye majina yaliyoandikwa kwa namna tatu, tarehe zilizokosewa na kurasa zilizochanika, hukuta kwamba hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililokuwamo katika somo.

Hapo ndipo mahali mwanafunzi anapohitaji mtu wa kumuuliza. Darasani angenyoosha mkono. Mbele ya video, ujumbe wa kosa unapotokea kwenye kioo, hana wa kumgeukia, na kosa dogo la nukta au mabano linaweza kumgharimu jioni nzima. Wengi huachia hapo, na baadhi hubaki na imani kwamba fani hiyo si ya watu kama wao.

Vitufe na misingi

Kasoro nyingine ya masomo mengi ya bure ni kwamba hufundisha bidhaa badala ya fani. Video huanza kwa kumwonyesha mwanafunzi pa kubofya, na humalizika kwa kumwonyesha pengine pa kubofya. Anachojua ni njia za ndani ya programu moja, katika toleo moja.

Hatari yake inaonekana katika historia ya Microsoft Access, programu ambayo wengi wa wanaoanza hukutana nayo kwanza. Ilitolewa mwaka 1992. Toleo la mwaka 2007 lilibadilisha mpangilio mzima wa menyu na aina ya faili, hivyo aliyekuwa amekariri vitufe vya toleo la 2003 alianza upya. Baadaye kampuni hiyo iliwahimiza watumiaji kutengeneza kanzidata za Access zinazotumika kupitia tovuti, kisha ikazifunga mwaka 2018 katika huduma yake ya mtandaoni. Aliyejifunza utaratibu huo alibaki na ujuzi usio na pa kutumika. Ilhali aliyejifunza namna ya kugawa kumbukumbu katika majedwali na kuyauliza kwa SQL anaendelea kutumia maarifa yaleyale ya miaka ya 1970, awe anatumia Access, MySQL, PostgreSQL au nyingineyo.

Ushahidi wa jambo hili upo karibu. Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kilicho nje kidogo ya mji wa Eldoret nchini Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Programu iliyotumika ilikuwa Microsoft Access. Ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya aina yake kusini mwa Sahara, na ulianzia katika kituo cha vijijini.

Wagonjwa wa Ukimwi walipoanza kuhudumiwa kwa wingi katika eneo hilo, programu hiyo ilielemewa. Faili la Access haliwezi kuzidi gigabaiti mbili, na halikutengenezwa kwa ajili ya watu wengi kuliandika kwa wakati mmoja kutoka vituo mbalimbali. Wataalamu wakaanza kujenga mfumo mpya unaoitwa OpenMRS, unaohifadhi data katika MySQL, nao ukaanza kazi Eldoret mwaka 2006. Leo unatumika katika nchi nyingi.

Mfumo wa DHIS2, ambao wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda huutumia kukusanya takwimu za vituo vya afya, una historia inayofanana na hiyo. Toleo lake la kwanza, lililotengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, lilikuwa la Access. Toleo la pili lilijengwa upya chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na Kenya ililisambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011.

Historia hizo mbili zinafundisha kwamba anayeanza na Access hana sababu ya kuona aibu, kwani mifumo mikubwa ya afya ya eneo hili ilianzia hapo. Aidha, zinafundisha kwamba programu iliachwa njiani. Kilichovuka kutoka mfumo wa kwanza hadi wa pili ni maarifa ya watu juu ya kumbukumbu zipi zinahitajika, zigawanywe vipi na mgonjwa atambuliwe kwa namna gani.

Gharama zilizobaki

Neno "bure" nalo linahitaji kupimwa. Saa moja ya video yenye ubora wa wastani huweza kumaliza nusu gigabaiti ya kifurushi au zaidi. Mtu anayetazama mpira anaweza kupunguza ubora ili kuokoa fedha. Anayejifunza kanzidata hawezi, kwa sababu maandishi madogo ya amri hayasomeki picha inapofifia. Hivyo somo hili, kwa asili yake, linahitaji kifurushi kikubwa.

Ni kweli kwamba gharama za intaneti zimeshuka tangu nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Mwaka 2018 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Mawasiliano ya Kasi iliweka lengo kwamba ifikapo 2025 intaneti ya kiwango cha kuanzia isigharimu zaidi ya asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Lakini wastani huficha mengi, na kwa kijana asiye na ajira asilimia 2 ya pato la taifa kwa mtu inaweza kuwa sehemu kubwa ya kile anachokipata. Isitoshe, kukatika kwa nyaya mbili kati ya hizo Mei 2024 kulionyesha jinsi mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anavyoweza kupoteza darasa lake lote kwa hitilafu iliyotokea baharini, mbali na nchi yake.

Gharama ya pili ni kompyuta. Simu inatosha kutazamia, lakini kuandika amri na kupanga majedwali kwenye kioo cha simu ni kazi ya kuchosha. Kwa upande wa programu, hali ni nafuu. Access huuzwa pamoja na programu nyingine za ofisi na hufanya kazi kwenye kompyuta za Windows tu, lakini MySQL, PostgreSQL, SQLite na LibreOffice Base hupatikana bila malipo na kihalali. SQLite, iliyotolewa mwaka 2000, imo hata ndani ya simu za Android. Hakuna sababu ya anayeanza kununua nakala ya wizi inayoweza kumletea virusi.

Gharama ya tatu ni lugha, nayo huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Sehemu kubwa ya masomo haya hutolewa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha haraka chenye mizaha ya Marekani. Karani aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuishia kidato cha nne hulazimika kupambana na lugha na fani kwa wakati mmoja. Manukuu yanayotafsiriwa na mashine husaidia kiasi, lakini tafsiri ya neno kwa neno huweza kuligeuza jedwali kuwa meza ya chakula na uga wa data kuwa shamba.

Kiswahili chenyewe hakikosi uwezo. Neno kanzidata, linalotokana na kanzi lenye maana ya hazina, limekwisha kuzoeleka, sawa na hifadhidata, na jedwali, safu na ufunguo hazina ugumu wowote. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ikafuata na tafsiri zake. Kazi hiyo ya istilahi ilifanyika. Pengo lililopo ni la walimu wanaoitumia kufundishia hatua kwa hatua. Amri za SQL ni za Kiingereza, lakini zile za lazima hazizidi ishirini hivi; maelezo yanayozizunguka yanaweza kuwa ya Kiswahili kitupu.

Kuna jambo la nne, nalo ni kwamba kilicho bure leo huenda kisiwe bure kesho. edX ilipoanza ilitoa vyeti bila malipo. Mwishoni mwa 2015 ikaacha. Mwaka 2021 iliuzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800 za Marekani, na Julai 2024 kampuni hiyo iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mwanafunzi anayetegemea huduma ya mtu mwingine hana budi kujua kwamba mwenye huduma ana hesabu zake.

Yasiyofundishwa

Masomo mengi ya wanaoanza hukoma pale kanzidata inapofanya kazi. Mambo mawili huachwa, na yote mawili huwagusa watu wengine.

La kwanza ni nakala za akiba. Daftari likiibwa, hupotea daftari moja. Kompyuta yenye kanzidata ikiibwa au ikiungua kwa hitilafu ya umeme, hupotea kumbukumbu za miaka yote, isipokuwa kama kuna nakala iliyohifadhiwa mahali pengine na iliyojaribiwa kufunguliwa. Somo la nusu saa lingetosha, lakini si rahisi kulikuta katika video za utangulizi.

La pili ni sheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022, ambapo sheria yake ilianza kutumika Mei 2023. Anayekusanya majina, namba za simu, hali za afya au madeni ya watu ana wajibu kisheria wa kuzilinda. Karani anayeweka orodha nzima ya wadaiwa kwenye flashi isiyo na nywila na kuiazimisha huenda hajui kwamba anaweza kuwa anavunja sheria, kwa sababu mwalimu wake wa California hakuwa na sababu ya kumweleza sheria ya Dodoma.

Nini kifanyike

Kwa mwanafunzi mwenyewe, tafiti zilizotajwa zinaelekeza njia iliyo wazi. Atazame kipande kifupi, asimamishe, kisha afanye kile alichokiona kwa data yake mwenyewe kabla ya kuendelea. Aanze na kalamu na karatasi, akichora majedwali mawili au matatu na kuonyesha yanavyounganishwa, ndipo aguse kompyuta. Achague kazi ndogo ya kweli, kama vile michango ya kikundi cha mtaani au vitabu vya maktaba ya shule, na asihesabu kwamba amemaliza somo mpaka mtu mwingine aweze kuitumia kanzidata hiyo bila yeye kuwapo.

Kujifunza kwa kundi nako kuna faida. Watu watano wanaokutana mara mbili kwa wiki huweza kugawana gharama za kifurushi na kompyuta moja, na mmoja akikwama wanne wengine wanaweza kuiona nukta iliyokosekana. Zaidi ya hayo, kundi humwekea mtu ahadi ya kurudi, jambo ambalo video haiwezi.

Kwa taasisi, mzigo si mkubwa. Vyuo vya ufundi na maktaba za umma vinaweza kuhifadhi masomo yanayoruhusiwa kunakiliwa na kuyatoa ndani ya jengo bila kutumia intaneti. Programu ya bure ya Kolibri ilitengenezwa kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Chumba chenye kompyuta kumi na mkufunzi mmoja wa kujibu maswali jioni kingekuwa na manufaa kuliko kampeni ya kuwahimiza vijana wajifunze mtandaoni. Vyuo vikuu vyenye idara za kompyuta na za Kiswahili chini ya paa moja vingeweza kurekodi somo zima la kanzidata kwa Kiswahili, likiwa na mifano ya zahanati na vyama vya akiba, na sura ya mwisho kuhusu nakala za akiba na sheria za nchi husika.

Waajiri nao wana sehemu yao. Anayemtafuta mtunza kumbukumbu angefanya vyema kumpa mwombaji daftari chafu la kurasa kumi na kumtaka alipange, kuliko kuhesabu vyeti vyake. Jaribio hilo lingemtendea haki aliyejifunza kwa bidii nyumbani, na lingemtenga aliyetazama tu.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Masomo ya bure yameleta kitanda karibu. Kuinama kumebaki kwa mwanafunzi, na taa ya kumulikia mvunguni ni jukumu la wale wanaotaka kumbukumbu za wananchi zitunzwe na watu wanaoijua kazi. Mpaka taa hiyo iwashwe, Hamisi Juma ataendelea kuwa watu watatu katika vitabu vya chama chake, na wote watatu wataendelea kudaiwa.